Shukrani kwa Fundi wa Baiskeli wa Mapinga

Jumamosi iliyopita, nikiwa njiani kwenda Bagamoyo kwa baiskeli kutoka Dar es Salaam, mguu wangu wa kulia ulianza kuwaka moto chini ya vidole, kisha ukafa ganzi kiasi kwamba nilipofika Mapinga nilikuwa nakanyaga pedeli bila kuihisi. Nilimwomba mzee mmoja, fundi aliyekuwa akiziba pancha chini ya mwembe, mahali pa kukaa tu.

Aliacha kazi yake, akanivua kiatu kwa mikono yake iliyojaa grisi, akanionyesha alama nyekundu za kamba na kunieleza kwamba mguu huvimba kwa joto na mwendo mrefu, hivyo kamba iliyokaa sawa alfajiri hugeuka kitanzi ifikapo saa nne. Alizilegeza, kisha akaniambia nipande huku yeye ameishika baiskeli. Hapo aliona kosa la pili, ambalo nakiri nilikuwa nalo siku zote: kiti kilikuwa juu mno, nami nilikuwa nikiifikia pedeli kwa ncha za vidole. Akachukua spana, akakishusha kiti kama upana wa vidole viwili, na kuusogeza mguu wangu mbele hadi pedeli ikakaa chini ya sehemu pana ya unyayo.

Hela alizikataa; alipokea maji baridi tu. Nilifika Bagamoyo bila ganzi. Mzee wangu, ahsante sana. Nanyi waendesha baiskeli wenzangu mpitao barabara hiyo, pancha zenu mpelekeeni yeye.