Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: tiba ya Unguja kabla ya hospitali za serikali

Ndugu wanachama, assalaam alaykum.

Mwaka huu tulijipa kazi moja: kujua wazee wetu wa Unguja walitibiwa vipi kabla serikali haijaanza kumtibu kila mtu. Nilidhani miezi sita ingetosha. Haikutosha, na kazi bado ingalipo.

Tulianza na jengo la Mizingani, ufukweni mwa Mji Mkongwe, Zahanati ya Zamani, lile lenye roshani za mbao zilizonakshiwa. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887 kwa fedha za Tharia Topan, tajiri wa Kihindi aliyesimamia forodha ya Sultani. Alikusudia hospitali ya masikini. Akafariki mwaka 1891, jengo halijakwisha. Baadaye lilinunuliwa na mfanyabiashara mwingine, Haji Nasser Nurmohamed. Chini pakawa zahanati, juu pakawa nyumba za kukaa. Kwa hiyo matibabu ya masikini wa mji yalining'inia kwenye uhai na sadaka ya tajiri mmoja mmoja. Hilo tukiwatembeza wageni tulitaje, tusiishie kusifu nakshi.

Kisha tukafuata maji. Kipindupindu cha 1869 na 1870 kiliua watu wengi sana kisiwani. Daktari James Christie, Mskoti aliyekuwa akitibu hapa mjini, alifuatilia njia yake akaona kwamba kilipita bara, katika nchi ya Wamasai, kikateremka Pangani, ndipo kikavuka bahari. Mji wakati huo ulikunywa maji ya visima vifupi. Sultani Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, akayavuta maji ya chemchemi kwa mabomba mpaka mjini. Kwangu mimi bomba lile ni historia ya tiba sawasawa na hospitali yoyote.

Lakini mtu wa shamba hakuwa na bomba wala zahanati. Alikuwa na mkunga, na mganga wa miti shamba, na mwalimu wa chuo cha Kurani aliyeandika kombe, yaani aya za Kurani, kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaikosha kwa marashi, mgonjwa akanywa. Alikuwa na mtu wa kuumika chuku kwa pembe. Mzee mmoja alitutolea pembe ya babu yake: pembe ya ng'ombe, nyeusi, imetobolewa nchani. Huwekwa penye maumivu, hewa hufyonzwa kwa mdomo, tundu likazibwa kwa nta. Ukingo wake umelainika kwa kugusa migongo ya watu.

Siku nitakayoikumbuka zaidi ni ile tuliyokaa na bibi mkunga. Aliomba mto, akaufunga khanga, akatuonyesha jinsi anavyomtafuta mtoto kwa vidole: hapa kichwa, hapa mgongo, na huyu ametanguliza matako. Mafuta ya nazi yapashwe moto kidogo, alisema, mkono baridi humkaza mzazi. Akatueleza siku arobaini, maji ya moto ya kukandia, na namna ya kufunga mkaja, kitambaa cha tumboni baada ya kuzaa. Na alisema waziwazi, bila sisi kumuuliza, kwamba wapo waliomfia mikononi kwa kutokwa damu. Tusiirembe enzi ile kwa kulificha hilo.

Lazima niwaarifu pia hasara. Sehemu kubwa ya mazungumzo ya bibi huyo imepotea, kwa kuwa nilichelewa kuyanakili na simu iliyoyahifadhi ikaharibika. Kosa ni langu, naomba radhi.

Ya fedha atayasoma mhazini. Ombi langu ni moja: kile kiasi tulichotenga kwa kibao cha ukumbusho tukinunulie kinasa sauti na nauli za vijana kwenda mashamba. Kibao kinaweza kungoja. Wakunga waliobaki ni wazee sana.

Bibi amekubali kurudia yote. Ngazi za ofisi yetu zinamshinda, kwa hiyo mkutano wa kwanza wa mwaka mpya tutaufanyia uani kwake, baada ya sala ya alasiri. Kila mmoja aje na daftari.