Barua ya wazi kwa wanafunzi wapangaji wa Nyegezi na Malimbe, Mwanza

Wanangu,

Nawaandikia ninyi mnaoshinda darasani, jioni mkakimbilia kaunta ya hoteli mjini au stoo ya duka Igoma, na mwisho wa mwezi mwenye nyumba anawasubiri. Niliandaa mishahara ya watu hadi nilipostaafu, na bado mnaniletea slipu zenu. Swali ni lile lile: mbona ninalipia chumba mwenyewe, na kodi ya mshahara haipungui?

Haipungui. Wengine mmeona video kutoka India zinazosema mpangaji hupata nafuu ya kodi. Ni kweli huko, kwa mwajiriwa anayepewa posho ya pango na kutimiza masharti. Sheria ya Tanzania haimpi mwajiriwa nafuu hiyo. Stakabadhi ya chumba cha Malimbe itunzeni kwa usalama wenu na mwenye nyumba, lakini kwenye PAYE, yaani hiyo kodi ya mshahara, haina kazi. Tena mwajiri akikuongezea fedha taslimu za pango, zinajumlishwa na mshahara na kukatwa kodi. Mnapopatana, ulizeni mtapokea ngapi mkononi.

Kinachopunguza kodi ni mchango wenu wa NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, na hapa naomba mnisikilize vizuri, maana ndipo wengi mnapoumizwa. Mchango hutolewa kwanza, kodi inahesabiwa kwenye kinachobaki. Tangu Julai 2021, shilingi 270,000 za mwanzo kwa mwezi hazitozwi kitu, na kinachozidi hapo hadi 520,000 kinatozwa asilimia 8. Chukua mshahara wa 400,000. NSSF asilimia 10 ni 40,000, inabaki 360,000. Toa 270,000, inabaki 90,000, na asilimia 8 yake ni 7,200. Hiyo ndiyo PAYE yako. Ukiona slipu imeandika 10,400, ujue aliyeihesabu hakutoa NSSF kwanza. Amekula 3,200 yako kila mwezi, na kwa mwaka ni 38,400. Kwa mtu anayepika kwa jiko la mkaa chumbani, hizo si hela za kuachia.

Anayelipwa 300,000 akitoa NSSF anabaki na 270,000 kamili. PAYE yake ni sifuri. Nasema hivi kwa sababu nimeona slipu za vijana wa kiwango hicho zikiwa na makato ya 15,000 yaliyoandikwa kodi ya zuio. Kodi hiyo ya asilimia 5, inayokatwa kwenye malipo kabla hujayapokea, ni ya mtoa huduma anayejitegemea. Wewe una sare, una msimamizi, una zamu ulizopangiwa na mshahara wa mwezi. Wewe ni mwajiriwa. Ukiitwa mtoa huduma unakatwa kodi usiyodaiwa, na mwajiri anakwepa mchango wa NSSF anaopaswa kukuwekea yeye. Hilo linaniuma kuliko yote. Na kama kweli unafanya kazi za kujitegemea, dai cheti cha kodi ya zuio kila unapokatwa, kwa sababu fedha hiyo inahesabika kuwa kodi uliyokwisha kulipa.

Wenye ajira mbili, muwe macho. Ajira ya pili inakatwa asilimia 30 tangu shilingi ya kwanza; zile 270,000 zisizotozwa zinatumika kwenye ajira kuu tu. Kabla ya kukubali zamu za Jumamosi na Jumapili kwa mwajiri mwingine, pigeni hesabu ya nauli na hayo makato. Mara nyingine ni heri kuomba saa za ziada pale mlipo.

Wenye mkopo wa masomo, Bodi ya Mikopo itawafikia mkishamaliza chuo: asilimia 15 ya mshahara, na makato hayo hayapunguzi PAYE.

Basi mwezi huu kila mmoja adai slipu iliyoandikwa, aikokotoe kwa kalamu, kisha aende ofisi ya NSSF na kitambulisho aone kama michango yake imefika. Ukikuta hesabu haikai sawa, anza na mhasibu wa pale kazini, kwa adabu, ukiwa na karatasi mkononi. Akikuzungusha, nenda ofisi ya TRA, Mamlaka ya Mapato, ukaulize. Anayeogopa kwenda peke yake anipitie, tutakwenda wote.

Mzee wenu, mhasibu mstaafu,
Mkolani, Mwanza