Swali moja tu kwenye fomu ya shule

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Mimi ni mke wa askari na mama wa watoto wawili. Ombi langu ni dogo: fomu ya kumwandikisha mtoto shule iwe na swali hili, "Je, mzazi au mlezi wa mtoto huyu ni mwanajeshi?" Ndiyo au hapana, basi.

Binti yangu alikuwa darasa la nne baba yake alipoondoka kwenda kulinda amani. Wiki ya tatu nikaitwa shuleni. Mwalimu akanifungulia daftari la Hisabati. Kurasa za mwanzo zilijaa hesabu safi, zikafuata kurasa mbili tupu, halafu vistari vya penseli, vinne vinne, kila fungu limekatwa kwa mshazari. "Mtoto anachorachora tu darasani," mwalimu akasema, "na ikifika saa tano anasinzia." Nikavihesabu vile vistari hapo hapo, nimesimama. Vilikuwa 19. Siku 19 tangu baba yake apande lori alfajiri. Usiku alikuwa halali akisubiri simu iite, na kuna siku simu haikuita kabisa.

Nilipomweleza, mwalimu alivuta kiti akakaa. "Mama, mbona hamkuniambia?" Simlaumu. Tulikuwa na miezi miwili tu pale, simjui mtu, na hakuna aliyetuuliza. Mtoto mwenyewe asingesema. Watoto wa askari wanajifunza mapema kutosema sema mambo ya baba.

Kaka yake yamempata mengine. Uhamisho wa askari haungoji muhula uishe, na sisi tumehama mara nne. Kila tulipofika, darasa ndiyo kwanza linaanza hesabu za sehemu. Amesoma sehemu mara tatu, lakini eneo la duara hakulikuta popote mpaka lilipomkuta yeye kwenye mtihani. Shule moja ilimrudisha darasa la nyuma "kwa muda" ikisubiri rekodi zake. Zilichukua wiki tano kufika. Wiki tano mtoto mrefu kuliko wenzake wote amekaa dawati la nyuma akisomeshwa alichokwisha kukijua, na jioni ananiuliza amekosa nini.

Wenzetu wameliona hili. Uingereza, tangu 2011, serikali inazipa shule fedha kwa ajili ya kila mtoto wa mwanajeshi anayesoma pale, ili apate mtu wa kumsikiliza na msaada pale masomo yanapokatika. Wamo pia waliofiwa na mzazi akiwa jeshini. Marekani kuna mkataba baina ya majimbo, ulioanza 2008 na kufikia 2014 majimbo yote 50 yalikuwa yameuridhia. Kwa mkataba ule, mzazi anaondoka na nakala za rekodi mkononi, na shule mpya inampokea mtoto na kumweka darasa analostahili huku rekodi rasmi zikisubiriwa. Chanjo ikiwa haijakamilika, anapewa siku 30 akiwa tayari yumo darasani. Mzazi anapokwenda vitani au anaporudi, shule inaweza kumpa mtoto ruhusa ya siku chache akae naye. Nilipofika kifungu hicho nilikisoma tena, maana mume wangu aliwahi kurudi likizo ya siku saba, na siku tano kati ya hizo mtoto alikuwa darasani.

Lakini huwezi kumsaidia mtoto usiyemjua. Ndiyo maana sheria ya elimu ya Marekani ya 2015 inataka wanafunzi hawa watambuliwe kwenye kumbukumbu za shule, na Uingereza nako wanahesabiwa katika sensa ya shule.

Nimesikia hoja ya usalama, na kama mke wa askari naielewa kuliko wengi. Swali ninaloliomba halitaji kikosi, cheo wala mahali alipo mtu. Jibu likae kwa mwalimu mkuu na mwalimu wa darasa, lisitundikwe ukutani. Na nimeandika "mzazi au mlezi" makusudi, kwa sababu wapo akina mama wanaovaa magwanda pia, na watoto wao wanabaki na bibi ambaye hajui hata aanzie wapi kuongea na shule.

Mwalimu wa binti yangu, baada ya kujua, hakuhitaji fedha wala mtaalamu. Alimpa kidaftari kidogo, akamwambia vistari vikae humu, hesabu zibaki kule. Kila Jumatatu asubuhi alimwuliza vimefika vingapi. Usingizi wa mchana haukuisha mara moja, ila zile kurasa tupu hazikuonekana tena.

Kile kidaftari tunacho mpaka leo. Vistari vyote ni vya penseli isipokuwa cha mwisho, cha 371, ambacho ni cha wino mwekundu. Siku hiyo mwalimu alimwazima kalamu yake ya kusahihishia.

Mama wa wawili,
mke wa askari