Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mwaka 2024: Kila Mche na Mama Yake

Ndugu wanachama, hamjambo.

Nawasalimu nyote, mliokaa hapa kivulini na mlio mbali mtakaoisoma taarifa hii kwenye simu. Kabla ya lolote, natoa pole kwa familia mbili za chama chetu zilizofiwa mwaka huu. Mikau yao, miti hii ya mbao ya nchi kavu tunayoipanda chamani, tutaendelea kuipalilia kwa zamu mpaka wenyewe wapate nguvu ya kurudi shambani.

Katika mkutano uliopita nilisema mbele yenu kwamba mukau ukishashika ardhi haufi. Mlipiga makofi. Leo nairudisha kauli ile. Mwaka 2024 umetuonyesha mikau ikifa kwa njia mbili zisizofanana hata kidogo, na nisiposema wazi, kuna atakayepanda tena pale pale na kupoteza tena vile vile.

Mnaikumbuka masika. Mvua ya mwezi wa nne na wa tano iliyoleta mafuriko sehemu nyingi za Kenya haikutusaza. Kwa wenzetu wa bondeni, kwenye udongo mweusi unaonata, maji yalituama shambani siku nyingi. Nilikwenda kuangalia. Ardhi chepechepe, na miche imenyauka kama iliyonyimwa maji mwezi mzima: majani ya manjano, ncha zimeinama, ukiuvuta mche unang'oka na mizizi iliyooza. Mama mmoja, mwanachama wetu tangu siku ya kwanza, aliniuliza, "Mwenyekiti, si ulituambia huu ni mti mgumu?" Siku ile sikuwa na jibu.

Jibu ni kwamba mizizi nayo hupumua. Maji yakijaza nafasi za hewa ndani ya udongo, mizizi hukosa oksijeni na kuanza kufa, na mzizi uliokufa hauwezi kupandisha maji juu hata kama umezama ndani yake. Iko miti iliyozoea hali hiyo. Mkuyu ni mmoja, ndiyo maana mnauona kando ya mito. Mukau si wa kundi hilo. Kwao ni kwenye kichanga, changarawe na miteremko ya mawe, mahali maji yanapopita bila kulala. Mvua ya milimita 300 hadi 800 kwa mwaka inautosha. Kiangazi kikikaza huangusha majani ili usipoteze maji, kisha huchipua hata kabla mvua haijanyesha, na ndiyo sababu wazee wetu waliukatia mbuzi matawi wakati malisho mengine yote yamekauka. Huo ndio ugumu wake. Mti unaovumilia kiu si lazima uvumilie tope, na sisi tulilitumia neno "mgumu" kana kwamba linatosha kwa yote.

Kisha ikaja vuli, ambayo kwetu Ukambani ndiyo mvua ya kutegemewa, ikawa haba. Safari hii walioumia ni wa mlimani. Na hapo ndipo jambo moja liliponinyima usingizi. Katika shamba moja, udongo ule ule, mashimo ya kipimo kimoja, siku moja ya kupanda, mistari miwili ilisimama na wa tatu ukakauka karibu wote. Niliuliza sana. Mistari miwili ilitokana na mbegu zilizochumwa kwenye miti mama iliyochaguliwa na watafiti. Mstari wa tatu ni miche niliyoinunua mimi, kwa fedha ya chama, kwenye kitalu cha kando ya barabara, kwa kuwa bei yake ilikuwa nafuu na ilikuwa mirefu. Muuzaji hakujua mbegu zake zilitoka kwenye mti gani, nami sikumuuliza. Nawaomba radhi. Kosa hilo ni langu, si la katibu wala mwekahazina.

Urefu ule ndio uliotakiwa kunishtua. Mche uliokaa kitaluni kupita wakati wake hurefuka juu huku mizizi ikijizungusha ndani ya karatasi ya nailoni ulimooteshwa kama kamba ya ndoo. Ukiupanda, mizizi inaendelea kuzunguka pale pale badala ya kushuka. Nilipong'oa michache iliyokauka nilikuta fundo la mizizi lenye umbo la karatasi yenyewe. Kwa hiyo sina hakika ni mbegu peke yake iliyouangusha mstari wa tatu, au ni mizizi, au ni vyote viwili. Shamba moja na mstari mmoja havitoshi kuamua.

Hilo la kutotosha ndilo nililolielewa vizuri tulipokwenda Kitui, na naomba mnivumilie nikae hapo kidogo, maana wengi hamkupata nafasi kwenye gari.

Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya, KEFRI, ilianzishwa mwaka 1986, na Kitui ina kituo kinachoshughulikia miti ya nchi kavu. Wajapani kupitia shirika lao la ushirikiano wa maendeleo, JICA, wamekuwa wakishirikiana na watu wa Kitui kwenye kazi ya miti tangu miaka ya 1980. Kati ya mwaka 2012 na 2017 walifanya pamoja mradi wa kutafuta miti inayostahimili ukame, wakachagua aina mbili: mukau wetu na mgunga. Mimi nilidhani utafiti wa namna hiyo unaanzia maabara. Ulianzia kwa miguu. Watu walizunguka maeneo makame ya nchi wakitafuta mikau ambayo, ikilinganishwa na jirani zake, imenyooka zaidi, imenenepa zaidi, haina ugonjwa. Walichukua vikonyo vya miti hiyo, wakavipandikiza juu ya mashina ya miche mingine, wakapanda bustani za mbegu kule Tiva na Kibwezi. Mikau ambayo mababu zake waliishi mamia ya kilomita mbali na mwingine sasa inasimama bega kwa bega, wadudu wanabeba chavua kutoka huu hadi ule, na mbegu inayoanguka ina baba na mama wote wazuri.

Wengi wetu tungeishia hapo. Mti mzuri umepatikana, tuchume mbegu. Lakini mti unaweza kuonekana mzuri kwa sababu nyingine kabisa. Huenda umenenepa kwa sababu miaka 30 iliyopita pale palikuwa na boma la mbuzi na mizizi yake inakula samadi ya babu wa mtu. Huenda mwamba ulio chini yake unakusanya maji ambayo jirani yake hayapati. Uzuri wa namna hiyo haurithiwi. Kwa hiyo watafiti huchukua watoto wa kila mama, huwachanganya kwa kura ili asipatikane wa kupendelewa kwa udongo mzuri, huwapanda katika maeneo tofauti kwa marudio mengi, kisha hupima urefu na unene wa shina kwa kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, mwaka baada ya mwaka. Mama ambaye watoto wake ni dhaifu kila mahali huondolewa bustanini hata kama yeye mwenyewe anapendeza macho. Niliposikia hilo nilifikiria mikau mitatu mikubwa ya kwangu nyumbani, ile ninayochuma mbegu kila mwaka kwa fahari. Sijawahi kuwapima watoto wake hata mara moja.

Ukame nao una namna yake ya kupimwa. Miche kwenye vyungu hunyimwa maji kwa makusudi, na huangaliwa inafunga mapema kiasi gani vile vitundu vidogo vya majani vinavyopitisha hewa na mvuke, jani linashika maji kwa muda gani, na ikinyweshwa tena inafufuka au la. Kufunga mapema kuna gharama yake, kwa kuwa vitundu hivyo ndivyo mti unavyovutia hewa ya kutengenezea chakula; mti unaojifunga unaacha kukua. Vilevile mche unaotumia nguvu zake zote kwenye majani na shina unaweza kuongoza mwaka wa mvua na kuwa wa kwanza kulala mwaka wa kiangazi. Kwa hiyo anayetafuta mukau unaokua haraka na anayetafuta usiokufa hawatafuti kila mara mti mmoja, na kazi ya wenzetu wa Kitui na Kibwezi ni kupata mama wanaotoa vyote viwili kwa kiasi. Tuliopitia ile misimu mitano mfululizo ya mvua kushindwa, tangu mwisho wa 2020 mpaka mwisho wa 2022, hatuhitaji kuelezwa kwa nini kazi hiyo ni ya maana.

Kitalu chetu. Kokwa ya mukau bado ni ngumu kama ilivyokuwa. Zamani watu waliokota zilizopitia kwa mbuzi na kuachwa bomani, wakazitupa shambani na kungoja. Sisi tunafuata njia iliyotoka kwa watafiti: kupasua kokwa kwa kile kisu kilichofungwa kwenye ubao, kutoa mbegu za ndani bila kuziponda, kukata ncha kidogo, kuloweka usiku kucha, kuchana ganda laini kwa wembe, kisha kuatika kwenye mchanga safi chini ya nailoni. Kitanda cha kwanza mwaka huu kilituvunja moyo. Wembe uliingia ndani mno ukajeruhi kiini, na mchanga haukuwa umechomwa vizuri, ukungu ukazivamia mbegu. Kitanda cha pili kiliota vizuri, na sifa zote ni za akina mama watatu waliokaa mkekani siku mbili wakichana mbegu moja moja kwa subira ambayo mimi sina. Napendekeza hao wawe walimu wa kitalu, na walipwe kwa siku zao, si kwa asante.

Kuhusu mahindi, najua kuna manung'uniko. Tumekuwa tukiambiana kwamba mukau haugombani na mazao. Watafiti waliochimba na kuifuata mizizi ya mukau katika mashamba ya Ukambani wameonyesha kwamba hugombana: sehemu ya mizizi hukaa kwenye tabaka lile lile la juu ambamo mahindi yanatafuta maji, na mavuno karibu na shina hupungua. Wanachama wawili waliolalamika mwaka juzi walikuwa sahihi na sisi viongozi tuliwanyamazisha. Mtazamo wangu ni huu: ukiwa na ekari moja ya kulisha watoto, panda mikau mpakani na kwenye mteremko wa mawe, achia mahindi katikati. Mti utakatwa baada ya miaka 10 au zaidi, watoto wanakula leo.

Machipukizi ya pembeni yatolewe kwa vidole yakiwa bado laini, kila wiki, kwa miezi ya mwanzo. Tulisema hili mwaka jana na nusu ya mashamba niliyopita hawakufanya. Shina lenye mafundo fundi mbao halinunui kwa bei nzuri, hata kama mchwa hawalitaki.

Kuna jambo dogo nataka vijana walijue. Jina la kitaalamu la mti huu, Melia volkensii, lina jina la Georg Volkens, mtaalamu wa mimea wa Kijerumani aliyefanya kazi Kilimanjaro miaka ya 1890. Lakini kabla yake, waliochonga mizinga ya nyuki kwa mukau na kuoshea ndama na watoto wa mbuzi maji ya majani yake ili viroboto na kupe viondoke walikuwa tayari wanaujua. Wataalamu wameyajaribu majani na matunda hayo dhidi ya viluwiluwi vya mbu na kuona yana nguvu. Wazee wenye ujuzi wa namna hiyo wapo hapa leo, mstari wa mbele. Waulizeni, mwandike.

Sasa maombi yangu kwenu, na nayaleta mezani ili myapigie kura. La kwanza, chama kisinunue tena mche wowote usiojulikana mama yake, na uamuzi wa kununua usiwe wa mwenyekiti peke yake bali wa watu watatu, mmoja wao awe miongoni mwa walimu wa kitalu. La pili, tufungue daftari. Kila mche utakaopandwa vuli ijayo uwe na namba iliyochorwa kwa msumari kwenye kipande cha kopo, na daftarini ipo namba hiyo, mti mama, shamba, aina ya udongo na tarehe. Tupande kila shamba miche ya mama wasiopungua watatu, kwa kuchanganya, na tupime kila mwaka kwa kamba ile ile. Hatutakuwa KEFRI. Lakini baada ya misimu michache tutajua mama gani anafaa mlimani kwetu, na tutaacha kusimuliana. La tatu, kila mwenye shamba la udongo mweusi aseme mapema, ili tumtafutie mti wa pale badala ya kumpa mukau wa kumwaibisha.

Mikau yangu mitatu ya nyumbani naiweka ya kwanza kwenye daftari, watoto wake wapimwe pamoja na wengine wote.

Mwekahazina atawasomea hesabu baada yangu. Nimezipitia na risiti zote zipo kwenye faili la bluu. Katibu amekaa chini ya mukau ule wenye mzinga. Yeyote mwenye mti anaotaka uingie kwenye orodha ya mama auandikishe kwake kabla ya kuondoka, na amweleze mti huo umesimama kwenye udongo gani.