Barua kwa mwanangu: angalia maji kwanza, njia baadaye

Mwanangu mpenzi,

Huku wazima, mama yako anakusalimia sana, magoti yangu ndo hivo tena. Mesej yako nimeisoma mara mbili. Yani umehamia huo mji wa baharini hata mwezi haujaisha ushaniletea orodha ya njia saba za kutembea na watoto, kila moja na kilomita zake, alafu unaniuliza muanze na ipi. Mimi hizo kilomita wala sikuzijali sana. Nilichokua natafuta ni kitu kimoja, ipi inapita chini ufukweni na ipi inapita juu, maana hapo ndo penye mambo, na kuna jambo nimekuficha miaka yote hii, bora leo niliseme.

Unaikumbuka ile siku tulivuka maji, mdogo wako nimempandisha mabegani, we umeshika mkanda wangu, tunaimba kwa sauti kubwa mpaka ng'ambo? Mpaka leo naskia unawasimulia wanao eti ndo siku babu yenu alitufanyia mchezo wa mamba. Mama, haukua mchezo. Maji yalitukatia njia na mimi nilikua naogopa kuliko nyie wote wawili mkijumlishwa. We ulikua na miaka 6, maji kwangu yako mapajani, kwako yako kifuani, na kila wimbi likija nakuskia vidole vyako vinakaza kwenye ule mkanda. Nikasema sisi ni mamba, mamba haogopi maji. Ndo uongo wenyewe huo.

Ilivokua ni hivi. Tulifika tukakuta bahari imerudi nyuma mbali ajabu, mawe ambayo siku zingine huyaoni yote yako nje, ile rasi ya mawe unaizunguka kwa miguu bila hata kuloa kiatu, nikaona leo tuna bahati. Kumbe usiku wa juzi yake mwezi ulikua mpevu, na mimi niliuangalia kabisa nikasema mwezi mzuri huu. Bamvua hiyo! Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, jua na mwezi vinavuta kwenye mstari mmoja, kwaiyo siku hizo na siku moja mbili baada yake maji yanakupwa sana na yakirudi yanarudi sana. Yani kile kile kilichonifungulia njia ndo kilikua kinakuja kuifunga. Tukakaa kwenye vidimbwi upande wa pili, mnachezea kaa, nilipogeuka kuangalia tulikotoka pale kwenye kona pashakua bahari. Na sehemu tuliyokaa mchanga ulikua bado mkavu kabisa, hiki ndo kitu nataka ukishike, maji hayakufati kwa mbele ukayaona, yanaanza kuziba kwenye kona nyuma yako.

Sasa hesabu yake si ngumu. Pwani nyingi maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, kutoka kukupwa mpaka kujaa ni kama saa 6 na dakika kidogo, na kila siku mda unasogea mbele kama dakika 50, kwaiyo ratiba ya Jumamosi iliyopita usije ukaitumia Jumamosi hii. Alafu hayapandi sawasawa. Mabaharia wana hesabu yao ya kugawa kwa 12: saa ya kwanza inapanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Chukua mahali ambapo tofauti ya maji yakikupwa na yakijaa ni mita 3. Saa ya kwanza yamepanda sentimita 25 tu, unajiambia aah tuna mda, saa ya tatu peke yake yanapanda sentimita 75, hicho ni kifua cha mtoto wa miaka 4. Ni makadirio tu, kila pwani ina tabia yake, ila mimi kanuni yangu toka siku ile ni moja, njia ya chini naianza maji yakiwa bado yanakupwa, na ile dakika yanapofika mwisho wa kupwa mimi uso wangu ushaelekea nyumbani. Watoto walie wasilie. Na jedwali la maji la huko kwenu lipo, waulize wavuvi pia, wavuvi hawakosei kizembe.

Njia za juu zina lake. Genge la bahari ukiwa juu yake unaona nyasi zimeota vizuri mpaka ukingoni, unadhani pagumu, kumbe chini mawimbi yamekula na hapo unaposimama hakuna kitu. Kwaiyo mtoto mdogo mkono wake uwe mkononi mwako, na mkikaa kupumzika kaeni mbali na ukingo, kaeni upande wa bara wa njia. Baada ya mvua kubwa msikae chini ya genge pia, udongo unaporomoka bila kupiga hodi. Kwenye matuta ya mchanga kama wamewawekea mbao za kupita piteni hapo hapo, zile nyasi ndo zimeshikilia tuta zima, mkizikanyaga zikifa upepo unachimba shimo.

Umbali sasa. Kuna Mskoti mmoja anaitwa William Naismith, mwaka 1892 alitoa kanuni watu wa milimani wanaitumia mpaka leo, saa moja kwa kila kilomita 5 na unaongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Sasa yule bwana hakua anatembea na mtoto wa miaka 4 aliyeona mdudu. We kilomita 2 kwa saa ukizipata shukuru, na kwa huyo mdogo njia nzima isizidi kilomita 3, kilomita 8 ile uliyoiandika ya kwanza futa kabisa, hiyo utaenda na mumeo siku watoto wako kwetu.

Watu wengi wanapenda njia za mzunguko eti usirudie ulikopita. Mimi na watoto wadogo sizitaki. Ukishavuka nusu ya mzunguko hata mtoto akichoka huna jinsi, kurudi ni mbali na kuendelea ni mbali, unabeba tu. Ya kwenda na kurudi unageuka popote pale, na mtoto wala hajali kwamba ni njia ile ile, kwake ukiigeuza ni mpya. Muanze mkiwa mnatembea kinyume na upepo, nguvu wanazo, wakati wa kurudi wamechoka upepo unawasukuma. Ila mkumbuke mchana bara inapata joto haraka kuliko bahari ndo upepo unaingia kutoka majini, na huo upepo ni mnafiki, unawapoza huku jua linawachoma. Mionzi mingi inapita hata kwenye wingu, na mchanga nao unairudisha juu kama 15% hivi, ndo maana mnaungua mpaka chini ya kidevu na kofia mmevaa. Losheni ya jua muirudie kila saa mbili. Ukiangalia kivuli cha mtoto kikawa kifupi kuliko yeye mwenyewe, tafuteni kivuli, hiyo wafundishe wenyewe watapenda kupimana.

Ya kubeba sitakuorodheshea, we mtu mzima. Filimbi tu usisahau, na soksi za ziada, soksi zinaokoa safari.

Alafu wape kitu cha kuendea, mnara wa taa, jiwe lenye tundu, chochote, mtoto hatembei kwa ajili ya mandhari. Kuna wale kaa wadogo wanaoishi ndani ya makombe ya konokono waliokufa, mnawakuta kwenye vidimbwi. Mchuchumae, mnyamaze, msimguse, atatoa kwanza mguu mmoja, alafu macho, dakika mbili tatu hivi. Akikua kombe linambana inabidi ahame, na wakati mwingine likipatikana kombe kubwa tupu wanapanga foleni kwa ukubwa, wa kwanza akihama wa pili anaingia kwake, wa tatu kwa wa pili, mpaka mwisho. We na mdogo wako mliwahi kukaa hapo kitako nusu saa nzima, na hilo ndo lilinichelewesha siku ile kusema kweli, nilikua naangalia kaa na mimi. Kwaiyo makombe matupu msibebe, kuna mtu anatafuta nyumba.

Katika zile saba mimi nachagua ile ya tatu, ya kilomita 2 na nusu kwenda na kurudi, ya kwenye mnara wa taa, ipo juu, umesema ina uzio, haihitaji kuuliza bahari ruhusa. Ile ya tano ya kuzunguka rasi tuiache kwanza. Sijasema isiendwe, nasema mnisubiri. Tunakuja mwisho wa mwezi na mwezi wa angani utakua nusu, siku za maji mafu hizo, hayajai sana wala hayakupwi sana, bahari haina papara. Nitumie hilo jedwali niliangalie mwenyewe, mama yako ashaanza kucheka eti babu na makaratasi yake, mwache acheke, yeye siku ile alikua nyumbani na mpaka leo nae anajua habari ya mamba tu.

Watoto usiwaambie. Wao waache na mamba wao.

Baba yako