Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: mionzi ya wiki tatu ipimwe Mwanza

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kutoka Kirumba. Ninamuuguza ndugu yangu mwenye glioblastoma, saratani ya ubongo iliyo kali na inayokua upesi.

Tiba yake ilitokana na jaribio lililotangazwa mwaka 2005. Wagonjwa 573 walipangwa kwa bahati nasibu: wengine mionzi peke yake, wengine mionzi pamoja na vidonge vya temozolomaidi, dawa ya saratani. Muda wa kati wa kuishi, yaani ule ambao nusu ya wagonjwa huuvuka, ulipanda kutoka miezi 12.1 hadi 14.6, anayeiona miezi hiyo kuwa kidogo hajawahi kuuguza. Waliofikisha miaka miwili waliongezeka kutoka asilimia 10.4 hadi 26.5.

Tatizo ni kwamba mionzi ile huchukua wiki sita. Kwa mvuvi wa Nansio, kisiwani Ukerewe, hiyo ni nauli ya meli, chumba cha kupanga mjini, chakula cha watu wawili, na mtumbwi umelala ufukweni. Vidonge humezwa kila siku, tumbo likiwa tupu, baada ya dawa ya kuzuia kutapika. Akitapika harudii dozi siku hiyo. Hela yote imeishia kwenye beseni.

Mwaka 2017 jaribio jingine liliwapa wagonjwa wa miaka 65 na kuendelea mionzi mara 15 tu, wiki tatu, na temozolomaidi bado ikawaongezea muda: kutoka miezi 7.6 hadi 9.3. Lakini hao ni wazee. Baba wa miaka 45 je?

Naomba swali hilo lipimwe Kanda ya Ziwa. Hospitali ya Bugando hapa Mwanza wanatoa mionzi, na Mwanza si mgeni wa utafiti: jaribio la vijijini mkoani hapa, lililotangazwa mwaka 1995, lilionesha kuwa kutibu vizuri magonjwa ya zinaa kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takribani asilimia 40. Dunia ilijifunza kwetu.

Wapo watakaosema tunafanywa panya wa maabara. Siwalaumu. Basi fomu ya ridhaa isomwe kwa Kiswahili chepesi, na kwa Kisukuma au Kikerewe inapobidi. Anayejitoa asinyimwe tiba. Na dawa iwe bure hadi mwisho, maana baada ya mionzi kuna mizunguko sita, siku tano za vidonge katika kila siku 28. Ikikatikia wa pili, heri msianze.

Tunaomba jibu kabla ya Bunge la Bajeti.

Mkazi wa Kirumba, Mwanza