Kwa nini tunakuamsha usiku wa manane kwenda kupanda mlima wa theluji

Kila majira ya kuchipua yanapokaribia, simu zetu sisi waongoza wapanda milima huanza kuita, na swali linaloongoza huwa ni moja: "Kama ni safari ya siku moja tu, na kilele chenyewe kinaonekana kutoka barabarani, mbona tukutane saa tisa usiku?" Swali hilo ni la haki. Umefanya kazi wiki nzima, unataka kuifurahia siku yako ya mapumziko, halafu sisi tunakutoa kitandani wakati hata jogoo hajawika. Tumeona tulijibu kwa kirefu, maana katika milima hii ya karibu na bahari saa ina uzito kuliko nguvu za miguu.

Milima iliyo jirani na bahari ina theluji ya aina yake. Upepo wa baharini huja umesheheni unyevu, ukigonga mlima hulazimika kupanda, ukipanda hupoa, na ukipoa humwaga ulichobeba. Katika eneo la kuteleza kwa skii la Mount Baker, jimbo la Washington nchini Marekani, msimu wa 1998–99 zilipimwa mita 28.96 za theluji, na hiyo ndiyo rekodi ya dunia ya msimu mmoja. Theluji ya pwani si kavu kama ile ya milima ya bara, inayopeperuka kama unga. Hii ni nzito, na joto lake mara nyingi halitofautiani sana na nyuzi 0. Ina wema wake: hushikamana upesi, hata kwenye miteremko mikali. Lakini haihitaji jua kali ili ilegee. Nyuzi mbili tatu zikiongezeka, njia uliyopita asubuhi kama sakafu inakuwa uji.

Kwa hiyo tunachokitafuta ni usiku uliogandisha vizuri, na hapa ndipo wengi hukosea. Mtu anafungua utabiri wa hali ya hewa, anaona kiwango cha kuganda, yaani kimo ambacho hewa hufikia nyuzi 0, kiko chini ya kilele, anaridhika. Sisi huangalia mawingu kwanza. Usiku wa anga lisilo na mawingu, theluji hupoteza joto lake kuelekea angani, na uso wake unaweza kuganda hata kama kipimajoto cha hewa kinasoma nyuzi 2 juu ya sifuri. Mawingu yakitanda, hugeuka blanketi: joto linarudishwa chini, na theluji inaamka asubuhi ikiwa laini vilevile ilivyolala. Karibu na bahari mawingu hayo hayabishi hodi. Tumewahi kuahirisha safari ambayo mchana wake ulitabiriwa kuwa wa jua tupu, kwa sababu tu usiku wake ulikuwa wa mawingu mazito. Wateja walishangaa, nasi tungefanya hivyo tena.

Ukiganda vizuri, mlima unakupa saa chache za dhahabu. Alfajiri unasikia meno ya kramponi, zile njumu za chuma zinazofungwa chini ya buti, yakiuma, *krach, krach*, na buti haliachi alama inayozidi kina cha kidole. Hapo ndipo tunataka tuwe tayari juu ya msitu. Miteremko inayotazama mashariki ndiyo hupigwa na jua kwanza, kwa hiyo hiyo tunaimaliza mapema au tunaikwepa kabisa. Inayotazama magharibi inasubiri zamu yake mchana. Ile ya kivuli, ya kaskazini kwa walio nusu ya kaskazini ya dunia, inaweza kuwa bado na theluji ya baridi kali ya majuma yaliyopita, na hiyo ina hatari zake tofauti kabisa. Mlima mmoja, siku moja, theluji tatu.

Maporomoko mengi ya tabaka la theluji huanzia kwenye miteremko yenye mwinamo wa kati ya nyuzi 30 na 45. Kwa bahati mbaya ndiyo miteremko inayovutia kupanda. Jua likiyeyusha uso, maji hupenya chini na kulainisha vifungo kati ya chembe na chembe. Dalili zinakuja kimyakimya: vitonge vidogo vya theluji vinaanza kujiviringisha kutoka chini ya miamba iliyopata joto, kisha vinakuwa vikubwa. Buti linazama hadi kifundo. Bado tunaendelea kwa tahadhari. Linazama hadi nusu ya muundi, tunaangaliana. Likifika goti, tunageuka, bila kura wala majadiliano.

Mwaka mmoja, mwishoni mwa Machi, tulichelewa kuondoka kwa dakika arobaini. Kifaa kimoja kilisahauliwa, tukakubali kukisubiri, na kosa hilo lilikuwa letu. Saa tano asubuhi tulikuwa chini kidogo ya ukingo wa mwisho, kilele kikiwa umbali wa kutupa jiwe, na mguu wa kiongozi ukazama hadi gotini. Akauchomoa, akapiga hatua nyingine, ukazama tena. Nyuma yake mteja mmoja akauliza kwa sauti ya kuumia, "Kaka, si hicho hapo?" Ndicho hicho. Tukashuka.

Mteremko ule haukuporomoka siku ile. Tungepanda, huenda tungerudi na picha nzuri na kujiona hodari. Ndiyo maana tunamwogopa huyu mwalimu aitwaye uzoefu: mlimani anaweza kukuwekea alama ya vema hata ulipokosa swali, ukazoea kukosea hivyohivyo mpaka siku asiposamehe.

Watu hufikiria kilele, sisi tunafikiria kurudi. Daraja la theluji juu ya kijito, lililokubeba alfajiri na mkoba wako wote, saa nane mchana linaweza kuwa ganda tupu huku maji yakilila kwa chini. Vibaraza vya theluji vinavyoning'inia upande uliokingwa na upepo hulegea vilevile, na vikikatika hukatikia nyuma zaidi ya pale jicho linapodhani ndipo mwamba ulipo. Tukikuambia utembee mbali na ukingo, hata kama mandhari ya bahari ni mazuri kiasi gani, tafadhali tusikilize.

Kuhusu vifaa, shoka la barafu, kramponi, kofia ngumu, koleo, fimbo ya kuchomea theluji kumtafuta aliyefukiwa, na transiva, kifaa cha redio cha kumtambua alipo, tunakupa sisi, na dakika ishirini za kwanza ni za kujifunza kutafuta transiva iliyofukiwa. Aliyefunikwa na theluji hana muda wa kusubiri helikopta. Anaokolewa na walio naye, ndani ya dakika kumi hivi za mwanzo, au uwezekano unashuka kwa kasi ya kutisha. Wewe lete miwani ya jua yenye kiza cha kutosha na glavu jozi mbili, kwa kuwa ya kwanza italowa. Na upake losheni hadi chini ya kidevu. Theluji hurudisha jua kutoka chini.

Jioni ya kuamkia safari utapata ujumbe wetu. Tukisema hapana, utachagua tarehe nyingine au utarudishiwa fedha zako zote, bila maswali. Tukisema ndiyo, funga mkoba wako kabla ya kulala, na zijaribu kramponi kwenye buti zako mwenyewe ukiwa bado ndani, penye mwanga, vidole vikiwa na joto.